Muhula Mmoja Ndani ya Uzio

Kwa muda wa muhula mmoja, kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Desemba, nilikuwa mlezi wa mpwa wangu anayesoma darasa la tano katika mojawapo ya shule za binafsi zinazojiita za maandalizi hapa Dodoma. Dada yangu na mumewe walikuwa masomoni nje ya nchi. Kwa hiyo ni mimi niliyesaini daftari la kazi za nyumbani, niliyehudhuria vikao, niliyetoa michango na kukaa kwenye viti vya plastiki chini ya maturubai siku za sherehe. Sina ugomvi na shule ile. Walimu wake wanajituma, watoto wanafika nyumbani salama, na mpwa wangu anapenda kusoma. Ninaloandika linahusu jambo kubwa kuliko shule moja: hali ya taifa ambamo watu wenye uwezo wa kudai elimu bora kwa ajili ya wote huidai kwa ajili ya watoto wao tu.

Neno hilo la maandalizi lina historia yake. Uingereza, shule za aina hiyo zilikusudiwa kuwaandaa watoto, hasa wavulana wa familia zenye mali, kuingia katika sekondari za kulipia wakiwa na umri wa miaka 13 hivi. Walowezi walipoweka makazi Kenya walikuja na mfano huo huo. Tanganyika ya kikoloni nayo ilikuwa na mafungu matatu ya shule: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Baada ya uhuru wa 1961 serikali iliufuta ubaguzi huo wa rangi, na kwa Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitwaa shule nyingi zilizokuwa mikononi mwa mashirika ya dini na watu binafsi. Miaka ya 1990 mlango wa shule za msingi za binafsi ulifunguliwa upya, na jina la maandalizi likarudi, safari hii likibandikwa kwenye shule za kuanzia chekechea hadi darasa la saba zinazofundisha kwa Kiingereza. Langoni haitazamwi rangi tena. Hutazamwa risiti ya benki.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, lakini ni baada ya agizo la 2016 ndipo wizara na watumishi wake walipohama kwa wingi. Watumishi walikuja na familia. Nyumba zikajengwa mahali palipokuwa na mashamba ya zabibu na mtama, na nyuma ya nyumba zikafuata shule zenye kuta zilizopakwa rangi za kung'aa na mabasi ya njano. Katika mitaa mingi mipya utaikuta shule ya namna hiyo, na hatua chache kutoka hapo shule ya serikali iliyokuwapo kabla ya mji kuifikia. Ndivyo ilivyo kwa shule ya mpwa wangu. Barabara moja ya vumbi ndiyo inayozitenganisha.

Kikao cha kwanza cha wazazi kilifanyika katikati ya Julai, wakati ule upepo wa Dodoma unapovuma kana kwamba umetumwa. Ukumbi ulijaa. Wengi wa waliosimama na kujitambulisha walikuwa watumishi wa umma: wachumi, wanasheria, wahasibu, mhandisi wa maji, maofisa wa ngazi za kati kutoka wizara mbalimbali, na wahadhiri wenzangu wawili. Yalijadiliwa mambo manne. Basi moja la shule lilikuwa bovu. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika, na watoto walikuwa wakija na maji ya kunywa kutoka nyumbani. Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita alikuwa ameacha kazi bila kupatikana mbadala. Jambo la nne lilihusu ladha ya maharage.

Nilivutiwa na namna wazazi wale walivyozungumza. Walisoma mkataba wa ada kifungu kwa kifungu. Waliomba hesabu zilizoandikwa. Walitaka tarehe, na mkurugenzi wa shule alipotaja tarehe ya mbali walimwambia kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno kwamba hawakuridhika. Mhandisi wa maji akajitolea kuikagua pampu yeye mwenyewe. Siku ya nne, kundi la wazazi la WhatsApp lilipokea picha ya maji yakitoka bombani. Ndani ya wiki mbili basi lilikuwa limebadilishwa na mwalimu wa hisabati amepatikana. Nilijisemea kwamba hivi ndivyo uwajibikaji unavyofanya kazi: watu wanaojua haki zao, wanaokutana, wanaouliza na kufuatilia.

Kisha nikavuka barabara. Niliwahi mno siku moja kumchukua mtoto, na kwa kuwa nilikuwa nimewahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kwenda chuo kikuu, niliingia shule ya serikali kumsalimia mwalimu mkuu. Nilimkuta mama wa makamo aliyenikaribisha kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," kisha akacheka alipoona ninavyojikanyaga kuiitikia. Nje ya ofisi yake ilibandikwa karatasi ya mapato na matumizi ya ruzuku, kila shilingi na kazi yake. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ilikadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima. Ada ya mpwa wangu kwa muhula huo mmoja ilizidi shilingi milioni moja.

Uwiano unaokubalika kitaifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa la pili nililochungulia lilikuwa na watoto wanaozidi mia, wengine wameketi sakafuni, na mwalimu mmoja aliyesimama kwenye kijinjia chembamba kati yao na ubao. Kisima chao kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliotangulia. Watoto walikuja na madumu ya lita tano kutoka nyumbani, dumu moja kwa kila wawili, kwa ajili ya vyoo. "Tumeandika barua," mwalimu mkuu aliniambia, "na tunaendelea kuandika." Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Visima viwili, barabara moja kati yake. Kimoja kilitengenezwa kwa siku nne na kingine kilikuwa kimekaa zaidi ya nusu mwaka. Tofauti ya fedha ipo, na ni kubwa, lakini fedha peke yake haielezi kila kitu. Fundi wa pampu ni yule yule, vipuri vinauzwa katika duka lile lile mjini, na mhandisi aliyeikagua pampu ya kwanza hupita mbele ya shule ya pili kila asubuhi akielekea kazini, katika kazi ambayo umma unamlipa aifanye. Tofauti nyingine iko kwa wanaouliza. Upande mmoja wanauliza watu mia mbili ambao simu zao hupokewa. Upande wa pili anauliza mama mmoja kwa barua.

Mchumi Albert Hirschman aliandika kitabu mwaka 1970 kuhusu njia mbili anazoweza kuzifuata mtu anapoona taasisi inazorota: kuondoka au kupaza sauti. Alianzia kwenye swali la reli ya Nigeria. Wachumi wengi wangetarajia kwamba ushindani wa malori ungeilazimisha reli kujirekebisha. Haikuwa hivyo. Wateja waliokuwa na uchungu zaidi na wenye uwezo wa kulalamika walihamia kwenye malori, na reli ikabaki na wale wasioweza kuondoka wala kusikika. Hirschman aliona hatari hiyo hiyo katika shule za umma: wanaotangulia kuondoka ni wazazi wanaojali zaidi ubora, yaani wale wale ambao kelele zao zingeisaidia shule. Huwafundisha wanafunzi wangu hoja hiyo kila mwaka. Muhula ule niliiona ikitembea barabarani na mkoba mgongoni.

Mwanzoni mwa Agosti watoto walipelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Nzuguni, nami nikaenda miongoni mwa wazazi wasindikizaji. Tulifika kwenye kitalu cha mtama na alizeti. Afisa ugani, kijana mwenye maarifa tele, akaanza kueleza kwa Kiswahili jinsi mkulima anavyochagua mbegu inayostahimili ukame. Watoto walikuwa wameanza kusogea karibu pale mwalimu mmoja alipomwomba aendelee kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo kanuni ya shule. Kijana alijaribu. Majina ya wadudu yakampotea, maelezo ya udongo yakafupika, na dakika tano baadaye akawa anasema tu kwamba hii ni mbegu nzuri. Watoto wakatawanyika kwenda kununua barafu. Kundi lililofuata lilikuwa la shule ya serikali. Kwao aliirudia hotuba yake ya kwanza, nao wakamuuliza maswali mpaka mwalimu wao akawakatiza.

Siidharau lugha ya Kiingereza, na ninaelewa kwa nini mzazi huilipia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, lakini hadi leo mtoto akivuka darasa la saba hukuta sekondari inafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya serikali anafikia hapo akiwa amesoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili miaka yote, na anatakiwa kubadilika kwa likizo moja. Mzazi anayemkinga mwanawe na kishindo hicho anatumia akili. Lakini kumkinga mtoto mmoja hakuondoi kishindo. Nao wanaoweza kuibana serikali iamue moja, ama kufundisha Kiswahili hadi juu, ama kufundisha Kiingereza vema tangu chini, hawana haraka tena, kwa kuwa wamekwisha kuvuka.

Septemba, baada ya mtihani wa darasa la saba, yalifanyika mahafali. Yalipendeza. Wahitimu walivaa majoho, wazazi wakawatunza kwa mashada ya maua na fedha, mshereheshaji akatuchekesha. Mgeni rasmi, mtumishi wa cheo cha juu ambaye naye ana watoto wawili pale, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kusifu mafanikio ya elimu bila malipo. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Kufutwa kwa ada za shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na za sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016, kumewaingiza darasani mamilioni ya watoto ambao wangebaki nje. Tulimpigia makofi. Wakati ule ule, ng'ambo ya barabara, watoto wanaonufaika na mpango huo walikuwa wakitoka na madumu yao matupu, na wachache wakasimama kwenye uzio kusikiliza muziki. Mlinzi aliwaomba wasogee ili magari ya wageni yapite.

Kalenda ya shule ilikuwa na tukio moja lililoitwa Siku ya Jamii. Lilipangwa siku mbili kabla ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ya Oktoba 14. Watoto wetu walitakiwa kuja na nguo walizoziacha, biskuti na sabuni, kisha wavuke barabara kwenda kuzigawa. Walivuka kwa mistari, sare zimenyooka. Zilipigwa picha. Mtoto wetu mmoja alisoma risala ya Kiingereza kuhusu maisha ya Mwalimu. Watoto wa upande wa pili wakatoa ngonjera waliyoitunga wenyewe, yenye kubishana kama mji unamfaa zaidi mkulima au mfanyabiashara. Mpwa wangu alinivuta shati. "Mjomba, wamejuaje kusema vile bila karatasi?"

Mwalimu mkuu aliposhukuru, alishukuru kwa ukamilifu. Akaitaja sabuni, akayataja madaftari. Kisha akasema, na ninayanukuu maneno yake kwa kuwa niliyaandika jioni ile: "Sisi ni majirani. Jirani akija na zawadi tunapokea. Ila tungependa siku moja mje mikono mitupu, tukae tuzungumze jinsi ya kulea hawa watoto, maana wote watakuwa wakubwa katika mji huu mmoja." Baadhi ya wazazi waliinamisha vichwa. Mkurugenzi wa shule yetu, ambaye ni mtu mwungwana, alimshika mkono kwa muda mrefu.

Basi lilichelewa kurudi kuwachukua wadogo, na kwa dakika arobaini hapakuwa na ratiba. Mpira ukatokea, sijui kutoka wapi. Watoto wakajigawa kwa waliovua viatu na waliobaki navyo, na kwa kuwa karibu wote walivua, timu moja ikawa na wachezaji wengi mno, ikabidi wagawane upya. Kibao cha mbao ambacho shule yetu humvisha shingoni anayekamatwa akizungumza Kiswahili kilisahaulika siku ile. Wote walizungumza Kiswahili kwa sauti za juu kabisa. Muhula mzima sikuona tukio lingine lililostahili zaidi kuitwa siku ya jamii, nalo halikuwamo kwenye kalenda.

Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuwatenga wachache na jamii iliyowalipia, na kuwafanya wajione wa tabaka jingine. Wakati ule aliyetengwa alikuwa kijana wa sekondari au chuo kikuu, kwa kuwa shule ya msingi yenyewe ilikuwa na wachache. Azimio la Musoma la 1974 likaifanya shule ya msingi kuwa ya wote, na kwa miaka kadhaa mtoto wa katibu mkuu na mtoto wa mpagazi waliweza kuketi dawati moja. Nimesoma katika shule ya namna hiyo. Paa lilivuja na vitabu vilikuwa haba, sitaki kuipamba. Lakini paa lilipovuja, lilimvujia pia mtoto wa mkubwa, na mkubwa akaja kuuliza. Leo tumesogeza utengano mpaka umri wa miaka mitatu, na tunauita maandalizi.

Najua majibu ya wazazi wenzangu, kwa kuwa ni ya haki. Hakuna mzazi anayepaswa kumfanya mwanawe kafara la hoja ya kisiasa. Mtu akiona darasa la watoto mia na ana uwezo wa kumpeleka wake kwenye darasa la thelathini, atampeleka, nami ningempeleka. Wala sipendekezi kuzirudia hatua za 1969. Nasema jambo jembamba zaidi: kumwondoa mtoto katika shule ya serikali hakumwondoi mzazi katika uraia. Shule ile bado ni mali yake. Inaendeshwa kwa kodi yake, iko katika mtaa wake, na watakaotoka humo ndio watakaomtibu, watakaomjengea, watakaompigia kura au kumnyima.

Kwa watumishi wa umma, basi, ombi langu ni dogo. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, uwe na mtoto katika shule ya serikali au usiwe naye. Nenda. Isome karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa shuleni kwa makini yale yale unayosomea mkataba wa ada. Kama kazi yako ni maji, barabara au bajeti, jua jina la shule ya serikali iliyo karibu nawe na mahali barua zake zilipokwama. Kwa wenye shule za maandalizi: ondoeni kibao shingoni mwa watoto, na Siku ya Jamii iwe ya mpira, ngonjera na bustani, kwa zamu, mwaka mzima. Kwa wanaharakati na wanafunzi wangu: acheni kupima ushiriki wa wazazi kwa idadi ya michango. Ulizeni ni nani anayekwenda kwenye kikao, na simu ya nani hupokewa.

Mwishoni mwa Novemba ulifanyika mkutano wa mtaa wetu. Nililitangaza jambo hilo katika kundi la wazazi, nikajibiwa kwa vidole gumba vingi. Siku yenyewe tulifika saba, kutoka katika wazazi mia mbili. Mhandisi wa maji alikuwa mmoja wetu. Aliketi nyuma, hakuchangia hadi ajenda ya shule ilipofikiwa, kisha akauliza swali moja kwa mtendaji: barua ya kisima iliandikwa tarehe ngapi, na ilipokewa na nani? Ukumbi ulinyamaza. Mtendaji akapekua jalada lake, akaahidi kuleta jibu wiki inayofuata, na mwenyekiti akaiandika ahadi hiyo kwenye muhtasari.

Shule zilipofungwa Desemba, kisima kilikuwa bado hakijatoa maji, lakini fundi alikuwa amefika, pampu ilikuwa imetolewa, na makadirio ya gharama yalikuwa yamebandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, chini ya karatasi ya ruzuku. Tarehe ya kukamilika imeandikwa hapo: wiki ya pili ya Januari, shule zinapofunguliwa. Mkutano ujao wa mtaa utafanyika mwezi huo huo. Nimeliweka tangazo lake katika kundi la wazazi, na safari hii nimewaomba wasijibu kwa vidole gumba.